Watu Wangu wa Mlali

Mwanangu Anjela,

Umetoka kwenda Kilakala kuwaaga wenzako, na mama yako yuko jikoni anakaanga maandazi ya safari kana kwamba basi zima la Mwanza limejaa ndugu zetu. Nimepata upenyo. Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, kutoshika simu mkononi ukiwa stendi na kutomwazima mtu sufuria yako atakuambia yeye, na akimaliza ataanza upya, kwa hiyo mimi siyagusi. Mimi nataka kukuandikia habari za wale watu wangu.

Cheka tu. Lakini kesi ile unaijua upande mmoja. Upande wa pili ulipita ukiwa nje unamsindikiza mjomba wako, na mimi na mama yako hatujakusimulia mpaka leo. Nimeona usiondoke bila kuujua.

Unakumbuka ilivyoanza. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unasubiri matokeo, na ulikuwa umeipata ile kompyuta kuukuu kwa mwanafunzi wa chuo cha Mazimbu aliyekuwa anahama. Siku moja narudi kutoka kibarazani kwenye cherehani, shingo imekakamaa kwa sare za shule, nakukuta umeinama mbele ya kioo cheusi chenye vinukta vyeupe. Nikajua imeharibika.

"Shikamoo baba. Haijaharibika. Hizi ni nyota. Kila nyota ina sayari zake, na kwenye baadhi ya sayari watu wanaweza kuishi."

"Marahaba. Watu gani?"

"Watu wako. Unaanza na sayari moja. Unawalisha, unawapa pa kukaa, wanaongezeka."

Nilikuwa nimesimama. Uliposema wanaongezeka, nikavuta kiti.

Wewe umezaliwa mjini, hujui uzito wa neno hilo kwa mtu wa Mgeta. Bibi yako kule mlimani alizaa mpaka majina ya watakatifu yakaanza kurudiwa. Ndiyo maana una baba mdogo Yohane na baba mdogo Yohane Mdogo. Mimi, mtoto wake wa kwanza, nilikupata wewe, basi. Kila nilipopanda Mgeta, kabla sijatua mzigo, bibi yako alikuwa ananitazama nyuma ya mgongo kama vile kuna wengine wamechelewa njiani. Kwa hiyo uliponiambia kuna mahali ambapo watu wanaongezeka kwa kubofya, mwanangu, hukuwa unamfundisha baba yako mchezo. Ulikuwa unampa matumaini.

Mchezo ukauliza jina la sayari yangu. Mezani palikuwa na ndoo ya nyanya alizoleta Mama Shukuru, yule anayetuuzia mboga kutoka Mlali. Nikaandika Mlali. Mezani pangekuwa na nanasi la kwingine siku ile, tungeepuka mengi.

Ulinieleza vizuri, lazima niseme. Watu wa sayari wanagawanywa: wengine mashambani, wengine viwandani, wengine maabara. Chakula kikizidi mahitaji, watu wanaongezeka. Kikipungua, wanapungua. Mimi nikasikia sehemu ya kwanza tu. Nikawapeleka karibu wote shambani. Wewe ukaniuliza nani atajenga vyombo vya anga, nikakujibu kwamba mtu aliyeshiba hana haraka ya kwenda popote.

Na wakaongezeka kweli! Vile vichwa vidogo vyenye kofia, vimejipanga mstari chini ya kioo. Kila zamu ikiisha kinachomoza kimoja. Mwanzoni kwa kujivuta, halafu kwa kasi, mpaka nikawa nakuja kula mchana nyumbani, mimi ambaye kwa miaka yote nilikula kibarazani, ili tu nione nimepata wangapi. Mama yako akafurahi akidhani ni chakula chake.

Halafu wakasimama. Nikabofya zamu, hakuna kichwa. Nikabofya tena, hakuna. Nikaongeza mashamba. Maghala yakafurika, vichwa vile vile.

"Baba, sayari yako inakaribia kujaa," ukaniambia. "Watu wakiwa wachache, ongezeko ni dogo kwa sababu wazazi ni wachache. Wakifika kama nusu ya nafasi iliyopo, hapo ndipo wanaongezeka kwa kasi kuliko wakati wowote. Wakikaribia kujaa, ongezeko linakufa. Shida yako siyo chakula tena. Ni nafasi."

"Sisi tulilala kitandani kama dagaa, na bado tuliongezeka."

"Mchezo huu hauijui Mgeta, baba."

Ukanionyesha dawa yake. Unajenga chombo cha wahamiaji, unapakia watu, unawapeleka kwenye sayari tupu. Kule wana nafasi, wataongezeka. Na hapa nyumbani, kwa kuwa umepunguza, ongezeko linaanza tena. Wewe ulikuwa umeshafanya hivyo mara nyingi upande wako: vijisayari kila kona, kila kimoja na watu wachache, na ukijumlisha unanizidi mbali.

Nikajenga chombo. Nikabofya kupakia. Nikaona vichwa vyangu vinatoka kwenye mstari, kimoja, kingine, kingine, na mstari umebaki na pengo kama kinywa cha mtoto anayebadilisha meno. Nikafuta amri. Ukaguna. Nikakuambia ni kidole kimeteleza. Kila ulipotoka chumbani nilijaribu tena, na kila mara kidole kiliteleza.

Badala ya kuwatoa nikawajengea maghorofa. Nafasi ikaongezeka kidogo, wakajaa tena. Nyuso zikaanza kuwa nyekundu. Ukaniambia wamenuna kwa msongamano, niwajengee viwanja vya starehe. Nikajenga. Kujenga kunataka fedha, nikapandisha kodi. Wakagoma. Mtu niliyemlea tangu akiwa kinukta amekaa chini, amekunja mikono, hataki kulima! Nililala nimewakasirikia.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake. Kibarazani nilikuwa namsimulia Rajabu, fundi viatu tunayekaa naye, ambaye alikuwa anaujua mchezo wote kwa masimulizi bila kuuona hata siku moja. Mama Shukuru alikuwa amepita kuchukua sketi ya binti yake, amesimama nyuma ya nguzo anatafuta risiti kwenye kanga. Hatukumwona mpaka alipoondoka. Nikasema, na Rajabu ni shahidi wa kila neno:

"Wale watu wangu wa Mlali wamenishinda, Rajabu. Nimewalisha, nimewajengea, wameongezeka mpaka nyumba hazitoshi. Sasa wamenuna. Na nyumbani nimekuwa nikificha ukubwa wa tatizo."

"Wapunguze," Rajabu akasema. "Wapeleke mahali pengine."

"Siwezi. Damu yangu ile."

Mama Shukuru hakuchukua sketi. Aliondoka kama mtu aliyeacha jungu motoni.

Kumbuka yeye ni mtu wa Mlali yenyewe, ile ya chini ya mlima, inayolima nyanya. Akaenda kule kufanya uchunguzi, nyumba kwa nyumba. Na mtu akitafuta kwa bidii hakosi: akapata mtoto mmoja mwenye masikio makubwa kama yangu. Mimi mtoto yule simjui, na mama yake simjui, na baba yake, ambaye nasikia naye ana masikio makubwa, sitaki kumjua. Lakini kabla wiki haijaisha habari ilikuwa imepanda mlima. Ikafika kwa mjomba wako Gaudensi kama kashfa: shemeji ana nyumba ndogo Mlali, imejaa watoto. Ikafika kwa bibi yako kama habari njema.

Jumapili baada ya misa nipo sebuleni nimevua viatu, mlango unabishwa. Wamepanda gari moja kutoka Mgeta, wameketi kiti kimoja, na kila mmoja amekuja na nia yake. Mjomba Gaudensi amevaa lile koti la kijivu nililomshonea mimi kwa mikono yangu. Hakuna kitu kigumu kama kuhukumiwa na mtu anayependeza kwa kazi yako. Nyuma yake bibi yako, amejifunga kitenge kipya, kwapani ana kuku mweupe amefungwa miguu, uso unang'aa.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, baba, marahaba! Marahaba sana!" Hakuwahi kuniitikia hivyo tangu nibatizwe.

Mama yako akaleta maji, akarudi kwenye kigoda chake, akachukua ungo wa maharage, akaanza kuchambua. Wewe ulikuwa chumbani. Mjomba akakohoa.

"Shemeji, sisi ni watu wazima. Dada yangu ana ukoo, hakuokotwa njiani. Nimekuja kuuliza jambo moja, unijibu kama mwanamume. Mlali kuna watu wako au hakuna?"

Mwanangu, mimi nilifikiri wewe ndiye uliyemweleza habari za mchezo. Nikaona haya kidogo, mtu mzima na vichwa vya kofia. Nikajibu kwa unyenyekevu:

"Wapo, shemeji."

Mjomba akashika goti. Bibi yako akasema, "Mungu ni mwema."

"Wengi?"

"Walikuwa wengi zaidi. Wengine wamekufa njaa juzi, nilikosea mahesabu."

Nilimwona mjomba wako akibadilika rangi. Bibi yako akamshika kuku kwa nguvu mpaka akalia. Mama yako aliinamia ungo, mabega yakitikisika, na mimi mjinga nikadhani analia kwa ajili ya watu wangu.

"Umewaacha watoto wafe njaa na unasema mahesabu?"

"Shemeji, wamegoma kulima. Nifanyeje? Nimewapandishia kodi, hawasikii."

"Unawatoza kodi?"

"Tatizo ni moja tu. Wamejazana. Anjela ananishauri niwapakie kwenye chombo niwapeleke mbali wasirudi."

"Anjela anajua?" Mjomba alisimama, akaketi, akasimama. "Na dada yangu anajua?"

Mama yako akainua uso, machozi yanamtiririka, na hapo ndipo nikaona kwamba ni kicheko. "Najua, kaka. Naona kila siku anawahudumia. Hata mezani anakuja nao."

Alikuwa amejua tangu mlango ulipobishwa kesi ni ya nini. Mama Shukuru alishamfikia zamani, naye akamjibu asante kwa taarifa, akanyamaza, akasubiri Jumapili kama mtu anayesubiri sikukuu. Ukitaka siku moja kujua mama yako ni mtu wa aina gani, usiangalie maandazi. Angalia hiyo.

Ndipo akakuita. Ukatoka na kompyuta ukaiweka juu ya meza, na kesi ikavunjika. Unayakumbuka mwenyewe: mjomba amevaa miwani, pua inagusa kioo, anauliza huyu mwenye uso mwekundu ni mtoto wa nani. Ukamweleza zamu, chakula, nafasi, nusu na kujaa. Akasikiliza yote kama hakimu, mwisho akanigeukia kwa hasira ileile aliyokuja nayo, maana hakuwa na pengine pa kuipeleka: "Sasa shemeji, kama wamejaa, si uwatoe? Unawatesa watu wa watu!" Ukatoka nje kucheka. Ukarudi. Ukatoka tena.

Bibi yako peke yake hakucheka. Aliangalia vile vichwa muda mrefu. Akauliza wanakula nini, ukamwambia. Akauliza wana majina, ukamwambia hapana. Halafu mjomba akaaga, ukaenda kumsindikiza stendi. Tukabaki watatu na kuku.

Hapa ndipo upande usioujua.

"Kwa hiyo Mlali hakuna mtoto," bibi yako akasema.

"Hakuna, mama."

"Hata yule wa masikio?"

"Hata yule."

Mimi, swali la watoto likianza, miaka yote nilikuwa najua mlango uko wapi. Nakwenda kumwona mbuzi, nakwenda kuchota maji ambayo yamejaa. Safari hii kwa bahati viatu sikuviona vilipo. Nikabaki. Na mama yako akaweka ungo chini, akamwambia. Kwamba baada yako kulikuwa na mimba mbili. Ya kwanza ilitoka mapema. Ya pili ilifika mbali, tukawa tumeshachagua jina, na siku ile ilipoharibika ilikaribia kuondoka naye. Daktari akasema tusijaribu tena. Wewe ulikuwa mdogo, tulikuambia mama amekwenda kwa shangazi. Kule mlimani tulisema malaria, na tukaacha watu waendelee kuuliza, kwa sababu kujibu kulikuwa kugumu kuliko kuulizwa.

Aliyasema yote kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza njia ya kwenda sokoni. Mimi nilishika mguu wa meza.

Bibi yako hakulia. Wewe unamjua, analia kwenye harusi tu. Alikaa, akafungua kamba ya miguu ya kuku taratibu, akamweka mapajani pa mama yako. Kule kwetu kuku wa namna ile hupelekewa mwanamke aliyetoka kujifungua, apate supu arudishe nguvu. "Huyu alikuwa wako tangu siku ile," akasema. "Nimechelewa kumleta." Mama yako akamkumbatia kuku, kwa kuwa alikuwa karibu zaidi, kisha akamkumbatia bibi, kuku akiwa katikati, anapiga kelele.

Usidhani bibi yako alitoka pale amegeuka malaika. Alipofuta pua tu akauliza kama ni kweli una mpango wa kusoma Mwanza. Unajua msimamo wangu ulivyokuwa. Mazimbu ni hapo, unakwenda kwa miguu, mchana unarudi kula. Nilikuwa nimeusema kwa upole, kisha kwa mahesabu, kisha kwa kununa. Bibi akaniunga mkono papo hapo: Mwanza kuna ziwa, ziwa lina mamba, mtoto ni mmoja, asiende. Nikafurahi, nikamgeukia mama yako kama mtu aliyeleta shahidi.

"Anataka kwenda," mama yako akasema. "Na mimi nataka aende. Nilitaka kwenda mahali mimi pia nilipokuwa na umri wake. Nikaja hapa, nikakaa, sijuti. Lakini nilichagua mwenyewe." Akaingia jikoni na kuku.

Mimi na bibi yako tukabaki tunatazamana, wawili tulioshindwa.

Uliporudi kutoka stendi ulinikuta mbele ya kompyuta. Uliniuliza kama nahitaji msaada nikasema hapana. Nilijenga chombo, nikapakia, nikaona lile pengo kwenye mstari, na nikabofya kabla kidole hakijateleza. Ukasema, "Hongera, baba," ukapita. Zamu kadhaa baadaye watu wangu walitua kwenye sayari ya kijani, mahali ambapo mimi nisingepachagua, na wakaanza: kichwa, kichwa, vichwa viwili. Na nyumbani Mlali nyuso nyekundu zikaisha, pengo likazibika, mstari ukajaa tena.

Sasa nisikilize, maana hapa mchezo wako unadanganya. Hapa nyumbani pengo halitazibika. Mimi na mama yako tumeshapita umri huo, na hata tungekuwa hatujapita, huyo mwingine asingekuwa wewe. Tulikuwa watatu, kesho tutakuwa wawili, na hakuna cha kubofya. Sikuambii ili uone huruma ukabaki. Ukibaki nitakufukuza. Nakuambia kwa sababu wewe ukiona nacheka stendi utadhani mzee ameshaelewa. Sijaelewa. Nimekubali tu, na nimegundua mtu anaweza kukubali kwanza.

Lingine ni hili. Ukifika huko na jambo likakuumiza, usituambie malaria. Sisi tulilifanya hilo tukidhani tunamlinda bibi yako, na yeye akatuuliza swali lilelile kwa furaha yote kila Pasaka na kila Noeli. Piga simu useme linavyoitwa. Mama yako ataitikia vizuri. Mimi huenda nikatafuta viatu, lakini nitarudi.

Mjomba wako anakusalimu. Ameomba umwachie ule mchezo kwenye kompyuta ya parokia. Eti anataka kuona wale watu wanavyotawaliwa na mtu mwenye akili. Bibi yako amekutumia chumvi ya mawe ya kufukuzia mamba. Usimuulize inafanyaje kazi.

Mama yako ananiita. Begi lako halifungi. Nimekwenda nikalikalia, yeye akavuta zipu, tukabadilishana, amelikalia yeye nimevuta mimi, zipu imefika nusu njia na kugoma. Anasema lazima kitolewe kitu kimoja. Tumelifungua tumekaa kitandani huku na huku tunakitazama kila kilichomo, yeye sweta aliyofuma yeye, mimi gauni nililoshona mimi, na hakuna anayenyoosha mkono. Rudi haraka, mwanangu, uje utoe mwenyewe.

Baba yako